Kona ya Yaya: Tufunge Msimu wa Kuogelea, na Wote Turudi Nyumbani

Wadogo zangu wa Baraka, wa Fizi kule juu, wa Mboko, Swima, Lusenda na Sebele,

Agosti inaishilizia. Vakansi ilipoanza wengi wenu mlisimama maji yakiwa kiunoni, mnacheka ili watu wasione woga. Sasa mnakwenda sambamba na ufuko, uso ndani ya maji, mnatoa pumzi taratibu na kugeuza shingo kidogo tu kuvuta nyingine. Wapo waliofika mahali pa kuelea chali muda mrefu bila kutapatapa, na hao nawapigia makofi sawasawa na wenye mbio. Karibuni kengele ya shule italia, kisha mvua zitarudi, na mazoezi ya ziwani, kwenye Tanganyika yetu, yatasimama. Ndiyo maana siku hizi mnaniuliza jambo moja kwa maneno mengi: Yaya, tufunge namna gani?

Fungeni kwa furaha. Mmestahili. Kuanza kujifunza maji ukiwa na miaka kumi na saba, mbele ya watoto wadogo wanaokupita, kunahitaji moyo, na aliyefanya hivyo anastahili kuimbiwa. Ila nina sharti moja, na yote nitakayowaambia leo yanatoka humo: siku ya kufunga si siku ya kujaribu jambo ambalo hamkulifanya mazoezini. Mtihani mlishaufanya, asubuhi baada ya asubuhi. Siku ya mwisho ni ya shukrani, na sherehe imefana pale ambapo wote waliokuja wamerudi kwao.

"Yaya, wanasema tuvuke hadi Ubwari"

Swali hili linakuja kila mwaka, na karibu kila mara linaletwa na mtu ambaye mwenyewe hataki kuvuka ila anaogopa kuonekana mwoga. Kaka mmoja wa kikundi ametoa wazo: tufunge kwa kuogelea kutoka Baraka hadi rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, asiyevuka hakujifunza kitu. Wengine wameshangilia. Wewe umenyamaza, usiku usingizi hauji.

Mdogo wangu, hofu yako ina akili. Sikiliza jinsi maji yetu yalivyo.

Ukisimama Baraka asubuhi hewa ikiwa safi, milima ya Ubwari inaonekana kama ya kushikwa kwa mkono. Juu ya maji jicho hudanganya, kwa sababu hakuna mti wala nyumba katikati ya kupimia umbali. Pia ghuba yetu, ambayo kwenye ramani inaitwa Ghuba ya Burton, ina ulinzi. Rasi ya Ubwari imeikinga upande wa mashariki, na upepo wa kusini-mashariki, ule unaovuma kuanzia Mei hadi Septemba, unaifikia ukiwa umepungua nguvu. Hayo maji mliyojifunzia ni maji yaliyokingwa. Kadiri unavyosogea kwenye mdomo wa ghuba, upande wa kaskazini, kinga inapungua na unakutana na Tanganyika yenyewe: ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Upepo unaokimbia juu ya maji marefu namna hiyo unaleta mawimbi ambayo ghubani hamjawahi kuyaona.

Kuna na jambo la upepo wa alfajiri. Usiku milima inapoa, na hewa baridi inateremka kuelekea ziwani. Kwetu sisi wa upande wa magharibi, upepo huo unamsukuma mwogeleaji mbali na nchi kavu. Ndiyo maana asubuhi unajiona hodari: unakwenda bila jasho. Ukigeuka kurudi ndipo unajua nani alikuwa anakubeba. Jua likipanda upepo unageuka, maji yanachafuka, na wakati huo wewe umeshachoka.

Wanaovuka maji makubwa wapo, na ni watu wa kuheshimiwa. Angalieni wanavyofanya. Gertrude Ederle, msichana wa Marekani, ndiye mwanamke wa kwanza kuogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza. Ilikuwa tarehe 6 Agosti 1926, na alikaa majini zaidi ya saa 14. Mwaka mmoja kabla alikuwa amejaribu, akatolewa majini kabla ya kufika. Akarudi nyumbani, akafanya mazoezi, akaja tena. Siku aliyofaulu, mashua ilimfuata njia nzima, na ndani yake walikuwemo mwalimu wake, baba yake na dada yake aliyekuwa akimpa moyo. Kwa hiyo hata yule aliyevunja rekodi ya wanaume waliomtangulia hakwenda peke yake, wala hakwenda kwa sababu mtu alimtania siku ya sherehe.

Basi ukiulizwa, jibu hivi bila kugombana: "Kaka, wazo ni zuri kwa mwaka kesho. Tulifanyie mazoezi tangu Juni, kila mwogeleaji na bwato lake na mpiga kasia wake. Jumamosi hii tunafunga." Akisisitiza, mwambie yaya amekataa. Mzigo huo niwekeeni mimi, mabega yangu yanauweza.

Hesabu ya kuingia, hesabu ya kutoka

Nitawapa kisa kimoja kigumu, kwa sababu kinagusa siku kama hii yenu.

Tarehe 23 Oktoba 2010, kule Fujairah, Falme za Kiarabu, kulikuwa na mbio za kilomita 10 baharini. Zilikuwa mbio za mwisho za Kombe la Dunia la mwaka huo, yaani msimu ulikuwa unafungwa. Fran Crippen wa Marekani, kijana wa miaka 26, bingwa hasa, aliingia majini pamoja na wenzake. Maji yalikuwa ya moto sana siku hiyo. Wenzake walifika mwisho, wakamtafuta kwa macho, hawakumwona. Ni wao walioanza kuuliza, na baadhi yao wakarudi majini kumtafuta. Alipatikana baada ya muda mrefu, amekwisha kufa. Baada ya msiba huo sheria za mchezo zilibadilishwa: maji yakizidi nyuzi joto 31, mbio hazifanyiki.

Mtu mwenye mwili wa bingwa, mchana kweupe, katika mashindano yenye wasimamizi, alizama na hakuna aliyeona. Anayezama hapigi kelele mnavyodhani. Kinywa kinatafuta hewa, hakina nafasi ya kuita. Mikono inabonyeza maji chini, haiwezi kupunga. Dakika chache, kimya, amekwenda. Katikati ya vigelegele na muziki wa sherehe ndiyo kabisa, hakuna atakayesikia.

Kwa hiyo siku yenu fanyeni hivi, na naomba mfanye kama nilivyoandika. Kabla ya mtu yeyote kuingia majini, vueni kandambili, mzipange kwenye mchanga mstari mmoja mnyofu, jozi kwa jozi, visigino vikiangalia ziwa. Mtu mmoja, asiyeogelea siku hiyo, anasimama kwenye mstari. Kazi yake ni moja, kuhesabu: hakai, hashiki simu, haendi kununua soda. Kila anayetoka majini, hata akitoka kunywa maji tu, anavaa kandambili zake. Akirudi ziwani anazivua tena mahali pale pale. Hivyo wakati wowote mhesabu akitupa macho kwenye mchanga anajua wangapi wako ndani. Filimbi ya mwisho ikilia, jozi zote zinavaliwa. Ikibaki moja haina miguu, hakuna kusema "huenda amekwenda nyumbani". Hapo hapo mnaanza kutafuta.

Njia hii haigharimu hata faranga moja, na mtoto wa miaka minane anaweza kuielewa.

Mpango wa siku

Chagueni asubuhi, jua likishatoka. Msiingie gizani alfajiri. Nchi za ziwa letu zimekubaliana kupumzisha samaki miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na baada ya hapo wavuvi wanarudi kazini kwa nguvu. Mwisho wa Agosti, wakati ninyi mnafunga, mabwato ya moteri ndiyo yanarudi na ndagala asubuhi mapema, nyavu ziko majini, kamba ziko majini, na dereva aliyekesha hakioni kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Nendeni mkaongee na wakubwa wa ufukoni siku mbili kabla: tutakuwa sehemu fulani, saa fulani hadi saa fulani. Wao ndio wanaojua pia habari za viboko na mamba wiki hiyo, na habari za usalama wa njia. Wakisema leo hapana, ni hapana, mnahamisha siku.

Njia ya kuogelea iwe sambamba na ufuko, mahali ambapo mtu wa kimo cha wastani akisimama maji yanamfika kifuani. Zingatieni hilo, maana sehemu nyingi za ziwa letu chini panakatika ghafla: hatua tatu umesimama, ya nne huna pa kukanyaga. Wekeni mabwato mawili upande wa ndani ya ziwa, kila moja na mpiga kasia na mwangalizi, na ndani ya kila bwato bidoni tupu ya lita 20, kizibo kimekazwa, kamba ndefu imefungwa kwenye mpini wake. Bidoni ya namna hiyo inamshikilia mtu mzima bila shida. Mtu akizidiwa, arushiwe bidoni, avutwe kwa kamba. Msimfuate kwa mikono mitupu, maana anayezama hukumbatia chochote anachokishika na kukizamisha. Wapo wanaokufa majini kwa sababu walikwenda kuokoa.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo. Nimeona watu wema wakifanya hivyo, na dakika za thamani zinapotea. Mlazeni chali, inueni kidevu, zibeni pua, mpulizieni pumzi tano mdomoni hadi kifua kipande. Kisha bonyezeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka mara 30, pumzi mbili, mara 30, pumzi mbili, bila kuchoka, huku mwingine anakimbia kutafuta pikipiki ya kwenda hospitalini. Hata akizinduka, apelekwe.

Baada ya usalama, furaha. Kwanza waingie waliojifunza kuelea tu mwaka huu. Waingie peke yao, ufuko mzima ukiwaangalia, walale chali wahesabiwe hadi sitini. Kuelea ndiyo elimu ya kwanza ya maji: mtu akianguka kutoka kwenye bwato, kinachomwokoa ni kutulia mgongoni na kupata pumzi, mbio ni za baadaye. Halafu waingie wa masafa mafupi, halafu wa marefu. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Msitoe zawadi kwa aliyewahi. Mpeni aliyekuja kila asubuhi, aliyemsubiri mwenzake, aliyekuwa analia mwezi Julai na leo anaelea. Andikeni vyeti kwa mkono kwenye karatasi za daftari, jina kamili na jambo alilojifunza, kwa mwandiko mzuri. Cheti hicho mama atakibandika ukutani miaka mingi.

Na kabla ya kula, waiteni wapiga kasia mbele. Kijana aliyekaa kwenye bwato asubuhi zote hizo bila kulowa, akiwaangalia ninyi, ndiye aliyefanya msimu uishe salama. Mara nyingi ni mtoto wa mvuvi ambaye hakuombwa hata jina. Mwimbieni, mpeni sahani ya kwanza.

Chakula kiwe cha kwetu: bugali wa muhogo, sombe, ndagala za kukaanga, na kama mchango umefika, mukeke wa kuchoma mmoja kwa watu wanne. Kila mmoja alete kikombe cha unga na faranga kidogo kadiri ya uwezo wake. Asiye nacho alete kuni. Hakuna anayefukuzwa kwa kukosa mchango.

Yasiyokaribishwa

Pombe. Najua nitanuniwa. Primus na lutuku vinaingia kwenye sherehe hata havijaalikwa, na atakayekunywa kidogo atasema yuko sawa. Pombe inaondoa hofu na inaacha udhaifu. Inakufanya upoteze joto haraka, na inakuchanganya hadi usijue ufuko uko wapi. Maji yetu ni ya vuguvugu, lakini bado ni baridi kuliko damu yako, na maji yananyang'anya joto la mwili haraka mara nyingi kuliko hewa. Kanuni yangu ni hii: aliyekunywa amekwisha kuogelea siku hiyo. Na kandambili zote zikishavaliwa, ziwa limefungwa, hakuna kurudi jioni "kidogo tu".

Mashindano ya kukaa chini ya maji. Haya yanaua waogeleaji wazuri, ndiyo maana nayaogopa. Kijana anavuta pumzi nyingi za haraka haraka, kisha anazama apate kushinda wenzake. Zile pumzi za haraka zinaondoa mwilini hewa chafu, na hewa chafu ndiyo inayouambia ubongo "panda juu uvute". Ikipungua, onyo halisikiki. Hewa safi inaisha, fahamu zinakatika ghafla, na aliyeko juu anafikiri rafiki yake bado anashindana. Msifanye, wala msiwaruhusu wadogo.

Na simu. Mpiga picha mpeni kazi yake, awe mmoja, na kabla ya picha kwenda kwenye vikundi vya WhatsApp kila msichana aulizwe kama ameridhika. Nimewasikia wasichana walioacha kuogelea kwa sababu ya picha moja iliyotumwa bila ruhusa. Ufuko uwe mahali ambapo dada yako anaweza kulowa bila kuogopa kesho.

"Yaya, mama anasema msichana haogelei"

Mdogo wangu, usimjibu mama kwa hasira. Mwalike aje aone siku ya kufunga. Wazazi wengi wanakataa jambo ambalo hawajaliona, na ndani ya kukataa kwao mna hofu mbili: utazama, na utaonekana mwili. Ya kwanza itajibiwa na mabwato, bidoni na mstari wa kandambili. Mwonyeshe kimoja kimoja. Ya pili ijibiwe na mavazi. Kikwembe kiacheni nchi kavu, kwa kuwa kikilowa kinajifunga miguuni kama kamba. Vaa suruali ya kubana na fulana isiyo pana, vinalinda heshima na vinaruhusu miguu kufanya kazi.

Mpe na mfano wa Nungwi, kaskazini ya Unguja. Huko mradi uitwao Panje umekuwa ukifundisha kuogelea na kuokoa watu tangu mwaka 2011, na wasichana wa Kiislamu wanaingia baharini wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazofunika mwili mzima, wanafundishwa na wanawake wenzao. Walikulia kisiwani, bahari iko mlangoni, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa. Leo wapo waliokuwa wanafunzi na sasa ni walimu. Kama Nungwi imewezekana kwa kuheshimu dini na mila, kwetu Fizi pia itawezekana kwa kuheshimu wazazi.

Na kama uko kwenye siku zako, unaweza kuja na kukaa na mhesabu. Usiombe radhi kwa mtu.

Mwili baada ya msimu

Sherehe ikiisha, kuna kazi moja ya afya ambayo wengi huisahau. Ziwa letu lina kichocho, hasa pale kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ambako konokono wake wanaishi. Vimelea vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, na vinatoka kwa wingi jua likiwa kali. Ndiyo sababu nyingine ya kuogelea asubuhi kwenye mchanga usio na majani na kujifuta mara tu unapotoka. Lakini msimu mzima majini ni msimu mzima. Kwa hiyo andikeni kwenye kalenda: mwishoni mwa Oktoba, karibu miezi miwili baada ya kuogelea mara ya mwisho, nendeni pamoja kituo cha afya kuomba kipimo cha choo. Kwa nini msubiri? Dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaiacha. Ukimeza kesho yake tu, unaweza kubaki na wengine. Ila ukiona damu kwenye choo, homa au tumbo linalosumbua, usingoje Oktoba.

Na maji ya ziwa msiyameze. Uvira na Fizi tunajua kipindupindu kwa miaka mingi, na mvua zikianza, Mutambala na vijito vingine vinasomba uchafu wa milimani na wa vyoo hadi ufukoni. Hiyo, pamoja na radi za Oktoba, ndiyo inayonifanya niseme msimu umefungwa kweli. Radi ikikukuta majini huna pa kujificha. Miezi ya mvua kimbieni, chezeni mpira, pandeni mlima wa kwenda Fizi kwa miguu, nyosheni mabega kila jioni. Moyo ukiwa mpweke kwa kukosa maji, na utakuwa, tafuta wenzako wa kikundi mkutane Jumamosi hata kwa mazungumzo. Urafiki uliopatikana ziwani usiachwe ufe kwa sababu ya mvua.

Kwa nini nawasumbua hivi

Kwa sababu sisi watu wa ziwa tumezika wengi. Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina la mto wetu, ilizama ikitoka Kalemie kuelekea Uvira, na watu zaidi ya 120 wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilipinduka ziwani Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho yao. Sababu za misiba hii ni mzigo uliozidi na makoti ya kuokolea yasiyokuwepo, na wenye meli na serikali hawawezi kukwepa lawama. Kuogelea hakuondoi wajibu wao. Lakini katika kila msiba wa namna hiyo wapo ambao wangepata dakika chache za kusubiri msaada kama wangejua kulala chali na kupumua. Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 2021 kwamba 25 Julai iwe siku ya kuzuia vifo vya maji duniani kote. Siku hiyo inaangukia katikati ya vakansi yetu. Mwaka kesho ifanyeni siku ya kufungua milango kwa wapya.

Na wapya ni wengi kuliko mnavyofikiri. Kuna wenzetu waliozaliwa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Lugufu, Tanzania, wakarudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka kuanzia mwaka 2005, na ziwa walilijua kwa hadithi za wazazi. Kuna waliokimbia vita wakateremka kutoka milima ya Itombwe na Minembwe, ambao hawakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Wanakaa karibu na ufuko, watoto wao wanachota maji ziwani kila siku, na hakuna aliyewaonyesha namna ya kuelea. Msiulize kabila la mtu anayetaka kujifunza kupumua majini. Mkaribisheni.

Kwa hiyo zawadi ya kufunga msimu, mbali na bugali na nyimbo, iwe hii: mabidoni yenu mawili na kamba zake yaacheni ufukoni kwa mtu anayeaminika, yatumike na yeyote atakayezidiwa. Na kila mmoja aandike nyuma ya cheti chake jina la mtu mmoja atakayemfundisha vakansi ijayo.

Usihangaike kumtafuta mbali. Mama yako anapanda bwato kwenda sokoni na magunia yake, wiki hadi wiki, mvua na upepo. Muulize kama anajua kuelea. Akisema hajui, umepata mwanafunzi wako wa kwanza.



Yaya wenu